Fidia ya Majeruhi wa Barabarani Si Sadaka ya Mwenye Gari

Faini anayotozwa dereva kwa kuendesha ovyo haimfikii aliyevunjika mguu hata senti moja. Inaingia Serikalini. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu katika miaka niliyofanya kazi ya ukarani kwenye ofisi za mawakili hapa Mombasa, nimewaona wengi waliotoka mahakama ya trafiki wakidhani shauri lao limekwisha. Dereva kakiri kosa, kalipa faini, hakimu kafunga faili, na majeruhi karudi nyumbani na magongo yake akiamini kwamba hiyo ndiyo haki aliyokuwa akiingojea. Siku anapokuja kuambiwa kwamba kulikuwa na kesi ya pili, kesi ya madai, ambayo ilikuwa juu yake mwenyewe kuifungua, mara nyingi muda umeshapita.

Muda wenyewe ni miaka 3 tangu siku ya ajali, kwa mujibu wa Sura ya 22 ya sheria za Kenya. Kama aliyekugonga ni gari la Serikali, una miezi 12 tu. Mtu aliyelazwa, akafanyiwa upasuaji, akajifunza kutembea upya na kuhangaika na kodi ya nyumba, miezi 12 inampita hata hajajua iliko ofisi ya wakili.

Kesi ya trafiki ina faida yake, nisije nikaeleweka vibaya. Chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, dereva akishahukumiwa na rufaa ikawa haipo, hukumu ile inasimama kama ushahidi kamili kwamba alitenda kosa lile. Hawezi kuja kwenye kesi ya madai akakana kila kitu. Kilichobaki kwake ni kujaribu kuonyesha kwamba wewe pia ulichangia ajali. Kwa hiyo aliyeumia ana sababu nzuri ya kufuatilia kesi ya trafiki na kuomba nakala ya mwenendo wake. Lakini fidia yake haimo mle.

Mpwa wangu aligongwa Kikambala, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, akiwa abiria wa bodaboda. Kanta, lori dogo la mizigo, iliyobeba mawe ya ujenzi ilitoka kwenye njia ya vumbi ikaingia lami bila kusubiri, na pikipiki ikaivaa ubavuni. Mwenye bodaboda alivunjika mkono. Mpwa wangu alivunjika mifupa yote miwili ya mguu wa kulia, chini ya goti, akawekewa chuma. Ni fundi wa vigae. Kazi yake ni kuchutama kutwa kucha.

Kabla ya wiki kuisha, mwenye kanta alikuja hospitalini pamoja na wazee wawili wa heshima. Walisalimu vizuri, wakamwombea mgonjwa dua, na baadaye wakamwita dada yangu varandani. Mwenye kanta akasema, "Dada, ajali haina kinga. Dereva wangu hakukusudia, naye ana watoto. Tukianza mambo ya mawakili tutavunjiana heshima bure na pesa zitaliwa na watu wengine. Mimi nimekuja na elfu sitini. Pokea, tuandikishane, tuyamalize kiungwana." Mzee mmoja akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Palibaki mahali pa sahihi tu.

Dada yangu alishika kalamu. Simlaumu hata kidogo. Hospitali ilikuwa inadai, chakula kilikuwa kinanunuliwa kwa mkopo, na mbele yake palikuwa na pesa taslimu mikononi mwa mtu mpole. Nilimwomba mwenye kanta ruhusa ya kumwuliza swali moja.

"Bwana, gari lako lina bima?"

"Lina bima, kaka. Thaadi pati."

"Umewaarifu kampuni?"

Akanyamaza kidogo. Akasema hajawaarifu, kwa sababu wataongeza malipo yake mwakani, na tena kwa nini tuwaingize watu wa Nairobi katika jambo la majirani.

Hapo ndipo pananiumiza kila mara, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Bima ile ya mtu wa tatu, ambayo Sura ya 405 inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo kabla gari halijakanyaga barabara, haikuwekwa kwa ajili ya gari. Kanta yenyewe ingeteketea yote, na mwenye bima ya thaadi pati peke yake asingelipwa hata bei ya tairi. Iliwekwa kwa ajili ya aliye nje: mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, abiria wa matatu, kijana aliyepanda bodaboda kwenda kazini. Sheria inaweka kiwango cha juu cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu aliyeumia au kufa, na hukumu ikizidi hapo, ziada inabaki juu ya mwenye gari. Ada ya bima ile ilikuwa imeshalipwa. Kila mwezi, kila mwaka, mamilioni ya Wakenya wanailipa. Ajali inapotokea na aliyeumia akapewa bahasha ya elfu sitini ili anyamaze, anayenufaika na uungwana ule ni kampuni ya bima, ambayo haikuombwa chochote. Dada yangu alikuwa anakaribia kuisamehe kampuni asiyoijua hata jina, kwa gharama ya mguu wa mwanawe.

Nilimweleza mwenye kanta jambo jingine ambalo wenye magari wengi hawalisomi katika mkataba wao. Mikataba ya bima kwa kawaida humkataza mwenye gari kukiri kosa, kuahidi, au kulipa chochote bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Pia humtaka aitaarifu ajali mapema. Akienda kumalizana kimyakimya, kisha karatasi zile zikashindwa na aliyeumia akafungua kesi, kampuni inapata sababu ya kumgeukia yeye na kumdai ilicholipa. Kwa hiyo bahasha ile ilikuwa hatari kwake pia. Alinisikiliza. Nadhani alikuwa mtu mwema aliyeshauriwa vibaya, na wako wengi wa namna hiyo. Aliacha pesa kidogo za dawa, tukaandika waziwazi kwamba ni msaada wa matibabu na haziondoi haki yoyote ya madai, na karatasi yake ikarudi mfukoni mwa mzee.

Nalisisitiza jambo la karatasi kwa sababu kesi hizi hushindwa kwa karatasi. Hati ya kuachilia madai, iwe imeandikwa na wakili wa kampuni au imechapwa saibakafe, ukishaitia sahihi kwa hiari yako ukapokea pesa, mahakama itakuuliza kwa nini umerudi. Na majeraha hayajionyeshi yote wiki ya kwanza. Mfupa unaweza kuunga vibaya. Chuma kina siku yake ya kutolewa, na upasuaji ule wa pili nao unalipiwa. Mtu akipigwa kichwani, dalili nyingine huja baada ya miezi. Kusaini ukiwa bado kitandani ni kuuza kitu ambacho hujakijua bei yake.

Sasa niseme kuhusu kituo cha polisi, maana huko ndiko madai huanzia, wala si kwa wakili. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 73, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali yenye majeruhi asimame, atoe jina na anwani yake, na kama hakuyatoa pale pale, apige ripoti polisi haraka iwezekanavyo na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Lakini usimwachie yeye. Ndugu wa majeruhi aende mwenyewe kuhakikisha ajali imeandikwa kwenye kitabu cha matukio, apewe nambari ya OB, na asome kilichoandikwa: nambari ya gari, jina la dereva, jina la kila aliyeumia. Nimeshuhudia ajali ya matatu ambamo abiria watatu waliumia na kitabu kikaandika wawili. Yule wa tatu alihangaika mno kuthibitisha kwamba alikuwemo. Na siwalaumu mawakili wa bima kwa kumshuku, kwani biashara ya majeruhi bandia ipo kweli; watu ambao hawakuwemo garini huandikishwa kama abiria na kupewa karatasi za hospitali. Polisi wana kitengo maalumu cha kuchunguza ulaghai wa bima. Kila dai la uongo linamchelewesha mwenye mguu uliovunjika kweli, na linampa afisa wa madai sababu ya kumtazama kila mtu kwa jicho moja.

Baadaye inatolewa abstrakti ya polisi. Karatasi hii moja ndiyo yenye jina la mwenye gari, jina la dereva, kampuni ya bima na nambari ya mkataba, na matokeo ya uchunguzi: nani alaumiwe, nani ameshtakiwa. Isome kabla ya kuondoka kaunta. Kosa la tarakimu moja kwenye nambari ya gari linaweza kukupeleka kwa mtu ambaye hajawahi kufika Pwani. Fomu ya P3 nayo daktari huijaza kueleza kiwango cha majeraha, na polisi huitumia katika kesi yao. Cheti cha bima, kiwe kimebandikwa kiooni au kiko kwenye simu ya dereva, kipigwe picha siku hiyo hiyo ya ajali kama kuna aliye mzima wa kufanya hivyo. Magari mengi ya biashara hukatiwa bima ya mwezi mmoja mmoja, na tarehe ni kila kitu: ajali ya tarehe 2 na bima iliyoisha tarehe 1 ni msiba mwingine.

Risiti pia. Mahakama zetu ni kali hapa. Gharama ulizokwisha kutumia lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na zithibitishwe kwa karatasi. Maumivu, kulemaa, kupungukiwa na uwezo wa kazi, hayo hakimu huyapima kwa kulinganisha na hukumu za majeraha yanayofanana. Lakini dawa ya shilingi 800 isiyo na risiti haitarudi. Hata gharama ya upasuaji ujao wa kutoa chuma ni lazima idaiwe tangu mwanzo, kwenye hati yenyewe, na daktari akaiandika katika ripoti yake. Usitegemee kuikumbuka ukiwa umesimama kizimbani. Dada yangu alinunua bahasha ya kaki, na kila karatasi, hata ujumbe wa M-Pesa uliochapwa, ukaingia mle. Daktari wa kampuni alipotaka kumpima kijana kwa mara ya pili, jambo ambalo ni la kawaida na halina ubaya, tulikwenda na bahasha ile ile.

Swali la nani mwenye kosa watu hulifanya gumu kuliko lilivyo. Abiria hana usukani. Kanta na bodaboda zikigongana, abiria wa bodaboda hahitaji kujua ni dereva yupi aliyekosea zaidi. Anaweza kuwadai wote wawili, mahakama ikawagawia lawama wao kwa wao. Kinachoweza kumpunguzia yeye ni mwenendo wake mwenyewe. Sheria ya Trafiki inamtaka abiria wa pikipiki avae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na pikipiki ibebe abiria mmoja tu. Mpwa wangu hakuwa na helmeti. Wakili wa bima aling'ang'ania hilo, na wakili wetu akajibu kwamba helmeti haivaliwi mguuni: jeraha lilikuwa la mguu. Huu ni ubishi wa haki kabisa, kwa sababu uzembe unaohesabiwa ni ule uliochangia ajali au jeraha lenyewe. Hata hivyo pande mbili hukubaliana kugawana lawama kwa asilimia ili shauri liende mbele, na hapo ndipo unaposikia maneno kama "80 kwa 20" kwenye korido za mahakama.

Dereva anaposhtakiwa, mwenye gari anashtakiwa pamoja naye. Mahakama za Afrika Mashariki zimeshikilia tangu miaka ya 1960 kwamba gari likidhuru kwa uzembe, na hapana ushahidi mwingine, linachukuliwa kuwa liliendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake. Na mwenye gari ni yule aliyeandikishwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wewe uliyeuza gari kwa jamaa, ukampa logbuku na fomu iliyotiwa sahihi, ukasahau, naomba uende ukamalize uhamisho leo hii. Nimewaona wazee waliouza pikapu zamani wakipokea samansi za ajali zilizotokea Taru au Mariakani, wakiwa hawakumbuki hata rangi ya gari.

Kampuni ya bima kwa kawaida haishtakiwi kwanza. Unamshtaki mwenye gari na dereva, unaipa kampuni notisi ndani ya muda uliowekwa na kifungu cha 10 cha Sura ya 405, na ukishinda kampuni inatakiwa kuilipa hukumu. Ikikataa, unafungua kesi nyingine dhidi yake, ya kuomba mahakama itamke kwamba inawajibika. Watu wengi hawajui kuhusu kesi hii nyingine. Wanashinda, wanakaa na hukumu kabatini, wanamfuata mwenye gari ambaye hana kitu, wanakata tamaa.

Wapo ambao sheria yenyewe imewaacha nje, na hapa ningependa kila familia isome taratibu. Bima ya lazima inamhusu abiria aliyebebwa kwa malipo, au kwa sababu ya kazi yake. Abiria wa gari la binafsi aliyepewa lifti hakulazimishwa kuingizwa. Fikiria gari la mjomba limejaa watu wa harusi wanaokwenda Malindi, tairi likapasuka karibu na Gede. Waliomo ndani wanaweza kumdai mjomba akiwa mzembe, lakini kama mkataba wake haukuongezewa kinga ya abiria, kampuni haina la kuwalipa. Kinga hiyo huuzwa. Mwulize ajenti wako, uione imeandikwa. Na gari la binafsi linalopakia abiria kwa nauli, kama Probox nyingi zinavyofanya asubuhi vijijini, linatumika nje ya mkataba wake. Kampuni itakwenda mahakamani kulikana, na abiria hatajua hilo mpaka ajali itokee.

Utingo wa kanta ana njia yake tofauti. Yeye ni mfanyakazi, na mfanyakazi aliyeumia kazini anakwenda kwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ile watu wanayoiita WIBA, kwa kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama kazini. Haimhitaji athibitishe uzembe wa mtu. Lakini tajiri wengi hawajakata bima hiyo, na utingo hana hata barua ya kuajiriwa.

Na yule aliyegongwa usiku na gari lililokimbia? Kenya hana pa kwenda. Rwanda jirani yetu ina mfuko maalumu wa dhamana unaowalipa walioumizwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Botswana na Namibia zina mifuko ya ajali inayotunishwa na tozo kwenye mafuta, kwa hiyo kila anayeweka petroli amechangia. Mfuko wa Afrika Kusini unafuata mtindo huo huo na umezama kwenye madeni, nakubali, na atakayebuni wetu ajifunze kutokana nao. Lakini kuogopa madeni si sababu ya kumwacha mtoto wa shule aliyegongwa Kibarani alelewe na harambee. Lori la kigeni linalopita hapa kutoka bandarini lina angalau Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya pamoja ya nchi za ukanda huu, inayolipia madhara linayoyafanya nje ya nchi yake. Tumeweza kupanga kwa ajili ya lori linalovuka mpaka. Tunaweza kupanga kwa ajili ya jirani yetu.

Kuna jeraha jingine ambalo Wenye matatu na abiria wao wanalijua vizuri: kampuni kuanguka. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na zote mbili zilikuwa zimekatia bima magari mengi ya abiria. Kampuni ikiwa chini ya usimamizi, malipo husimamishwa na kesi hukaa. Uko Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, lakini kikomo chake ni shilingi 250,000 kwa dai, na hukumu ya mtu aliyekatwa mguu ni mara nyingi ya hizo. Kinachobaki ni kumwandama mwenye gari, ambaye naye alilipa ada yake kwa uaminifu, na mara madalali wa mahakama wako mlangoni kwake kuchukua sofa na friji. Ninawaomba wenye magari wasitafute bima ya bei ya chini kuliko zote bila kuuliza sokoni kampuni ile inalipa madai yake namna gani. Na ninaitaka mamlaka ya bima ichapishe kwa Kiswahili, mahali ambapo watu wa Mtwapa na Kaloleni watapaona, ni kampuni gani inachelewesha malipo ya majeruhi. Takwimu hizo wanazo.

Mawakili, nao. Wapo walio waaminifu mno, nimefanya kazi nao. Lakini kuna vijana wanaozunguka wodi za majeruhi wakiwa na fomu mifukoni, wanaojua ajali imetokea kabla ya ndugu. Usisaini kitu wodini. Makubaliano ya kumlipa wakili pale tu utakaposhinda hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili ya Kenya, kwa hiyo anayekuahidi hivyo amekwisha kukuonyesha anavyoitazama sheria. Dai maelezo ya ada kwa maandishi. Hundi ikitoka kampuni ya bima, uliza tarehe yake na kiasi chake. Ni haki yako kujua. Nimewahi kumkuta mama aliyeambiwa kesi bado inasikizwa ilhali fidia ilikuwa imeshalipwa zamani. Alipiga kelele mahali sahihi na pesa zake zikapatikana, lakini mtoto aliyekuwa anamdaia alikuwa ameshaacha shule.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Fidia ya majeraha ni kati ya mambo iliyopewa kusikiliza, mtu anaweza kujisimamia mwenyewe, na shauri linapaswa kukatwa ndani ya siku 60. Kwa mguu uliovunjika ukaunga, hiyo ndiyo mahakama. Tulikwenda huko. Mwenye kanta alikuja, tukasalimiana, akakaa upande wake pamoja na wakili aliyeletwa na kampuni, na hakuna heshima iliyovunjika kati yake na dada yangu. Baada ya mivutano pande zote mbili ziliafikiana kuhusu lawama, helmeti ikapunguza asilimia 10, na hakimu akampa kijana laki tano na nusu kwa maumivu na ulemavu, kabla ya punguzo, pamoja na risiti zake na gharama ya kutoa chuma. Kampuni ililipa. Mwenye kanta hakutoa hata shilingi ya ziada, na ada yake ya mwaka uliofuata, alinieleza mwenyewe, ilipanda kidogo tu.

Anayenisumbua usingizi ni mwenye bodaboda. Alivunjika mkono wa kulia katika ajali ile ile, na kwa upande wake aliyelaumiwa ni dereva wa kanta. Hakwenda polisi kabisa. Leseni yake ilikuwa imekwisha muda, bima ya pikipiki pia, na kila mtu stejini alimwambia kwamba akijitokeza atafungwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kukosa leseni ni kosa la trafiki linaloadhibiwa kama kosa la trafiki, na kwamba peke yake halithibitishi kuwa ndiye aliyesababisha ajali. Bima anayoihitaji yeye ni ya kanta. Ya pikipiki ingewalipa watu wengine. Alirudi kuendesha kwa mkono uliopinda, kwa sababu pikipiki ilikuwa ya mkopo na wenye mkopo hawangoji mifupa iunge.

Nilimpata stejini Majengo. Mwanzo alidhani nimetumwa na mpwa wangu kuja kumdai. Tulikaa chini ya mwembe, nikamsomea abstrakti ya mpwa wangu, na jina lake lilikuwemo, limeandikwa na polisi kama mmoja wa majeruhi, na mbele yake jina la dereva wa kanta kama mshtakiwa. Alilitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama faini ya leseni ni kubwa kuliko mkono. Miaka yake 3 haijaisha. Tumeshachukua nakala ya mwenendo wa kesi ya trafiki, daktari amempima na kuandika kwamba mkono unahitaji kuvunjwa na kuungwa upya, na barua ya madai imekwenda kwa mwenye kanta na kampuni yake. Kampuni imejibu kwamba inaomba ripoti ya daktari na nakala ya leseni. Ripoti tumepeleka. Kuhusu leseni, amekwenda kuihuisha, na wakili ameandika kwamba siku ya ajali ilikuwa imekwisha muda, kama ilivyokuwa kweli.